Sponji ya Bega

Harufu ya robota la mitumba lililofunguliwa sasa hivi imenisimamisha leo sokoni. Koti nililoshika lina sponji nene mabegani.

Mama aliuza makoti kama hayo Kaloleni, miaka ile marobota yalipoanza kumiminika mjini. Uti wangu wa mgongo ulikuwa umepinda, bega la kushoto likashuka. Basi mama akachomoa sponji kwenye koti moja, akaishonea ndani ya sweta langu la shule, pale paliposhuka. Mabega yakalingana.

"Nani atakucheka sasa?" akasema.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa makamo, alilipapasa lile sweta, akafumua uzi kwa wembe, akaitoa sponji.

"Hii inaficha tu, mama yangu. Mimi nataka ifanye kazi."

Akaikunja sponji, akanilaza ubavu wa kulia mkekani, akaisukuma chini ya mbavu zilizotokeza.

"Vuta pumzi. Ipeleke kushoto, huko kulikobonyea. Jaza!"

Iliuma, nikalia. Mama akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye mbavu zangu za kushoto.

"Usukume mkono wangu, mwanangu."

Nikausukuma. Tangu hapo, kila jioni kabla ya ugali, mkeka ulitandikwa, nilie nisilie.

Koti la leo hata halinitoshi, lakini nimelinunua. Nyumbani nimechomoa sponji moja, nimeikunja, nimelala ubavu wa kulia. Kiganja cha kushoto nimekiweka mwenyewe kwenye mbavu.

Nimekisukuma.