Punje Nyekundu Inarudi Kikombeni

Kwetu Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, mtoto hatafutiwi jina akishazaliwa. Jina ndilo linalomsubiri. Wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wa tatu vilevile, na kinachoangaliwa ni kama ametoka wa kike au wa kiume. Kwa hiyo mimba yangu ya pili ilipoanza kuonekana, mama mkwe alikuwa tayari anazungumza na tumbo kwa majina mawili, la kike asubuhi, la kiume jioni. Mimi nilimwacha. Binti yetu wa kwanza alikuwa na selimundu, ile ambayo wengi wanaiita sikoseli: macho ya njano, mifupa inayouma hadi anashindwa kusimama. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama na huyu wa pili angekuwa nayo.

Nesi niliyemuuliza hakunipa ndiyo wala hapana. Tulikuwa tumekodi kipande cha shamba Mubuku, na siku hiyo nilikuwa na mahindi kwenye mfuko. Akaniomba hindi moja, akabandua punje nne, tatu nyeupe na moja nyekundu, akazitia kikombeni.

“Mama, wewe na muzee wako kila mmoja amebeba nusu ya ugonjwa bila kuugua. Mimba ikiingia, ni kama mtu anachota punje moja bila kuangalia. Nyekundu ni moja kwa nyeupe tatu. Ukitaka, sema moja katika nne. Ni kitu ile ile. Ya kwanza unapanga pande mbili ziangaliane, ya pili unahesabu kikombe yote.”

Akachota. Ikatoka nyekundu. Nilifikiri angeiweka mezani, lakini aliirudisha ndani na kutikisa tena.

“Mimba ingine ikiingia, unaanza upya. Kikombe haina kumbukumbu.”

Nilielewa. Sikupenda, lakini nilielewa.

Nyumbani niliwaeleza wakati wa chakula. Mume wangu alikuwa anaendesha boda, na miaka ile maduka ya kubeti yalikuwa yamejaa mjini, kwa hiyo lugha hiyo aliijua kuliko mimi.

“Tatu kwa moja, na sisi tuko upande wa tatu? Hiyo ni timu ya kuwekea pesa.”

“Timu nzuri nayo inafungwa,” nikamwambia.

Akacheka peke yake. Mama yake hakucheka. Yeye nne aliijua ni nne. Kama kila mtoto ana nafasi yake na jina lake limekaa pale, basi na ugonjwa una nafasi yake, na nafasi hiyo ilikuwa imeshapata mwenyewe.

“Batoto bane, mumoja mugonjwa. Wa kwanza alishakamata yake. Banabakia batatu, bote beko bazima.”

“Mama, punje inarudi kikombeni.”

“Inarudi wapi? Mutoto wa kwanza anarudi ndani ya tumbo?”

Hapo mume wangu alicheka kwa sauti. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, siku nyingine ningeinuka na sahani yangu. Lakini miezi ile hata hasira ilinikataa. Nilikuwa nimekufa ganzi. Niliosha vyombo, nilianika mahindi, nilimpa binti yangu dawa zake, na kila kazi niliifanya kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyenituma.

Akazaliwa wa kiume. Damu yake ilichukuliwa ikapelekwa mbali kupimwa, na tukasubiri. Jibu likarudi: ana nusu kama sisi, hataugua. Mama mkwe alisonga ugali wa muhogo wa kulisha mtaa mzima, akamwambia kila aliyeingia kwamba yeye alishahesabu tangu mwanzo. Mtu akishinda kwa hesabu mbaya, hakuna wa kumrudisha darasani. Nilikaa na mtoto mapajani nikingoja furaha ije. Haikuja. Nilijua tu kwamba ilitoka nyeupe, na kwamba ingeweza kutoka nyekundu.

Mvua zilipoanza, miguu ya binti yangu ilishikwa tena. Alikuwa na umri wa kuanza shule. Nilikuwa nikimkanda kwa kitambaa cha maji moto, naye ameuma ukosi wa gauni, yuko kimya. Tangu mdogo wake azaliwe alikuwa halilii maumivu, na majirani walimsifu kuwa ni jasiri. Mimi nilidhani amezoea.

“Inauma sana?” nikamuuliza.

“Si kitu, mama. Bibi alisema mimi nilikamata yangu na ya mutoto. Nikivumilia, yeye anabaki muzima.”

Ningeweza kumwachia. Maneno yale yalikuwa yanamfaa kuliko dawa niliyokuwa nayo, na bibi yake aliyasema kwa upendo, hilo silikatai. Lakini alikuwa mtoto, na alikuwa amejipa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri.

“Hapana,” nikasema. “Wewe ulipata yako, yeye akapata yake. Hukumubebea kitu. Hata wewe ungezaliwa muzima, yeye angekuwa vile vile alivyo.”

 Mdogo wake alikuwa amelala kwenye mkeka karibu yetu, mnene, mdomo wazi. Binti yangu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

“Basi hata nikilia, yeye hataugua?”

“Hataugua.”

Akautoa ukosi mdomoni. Akalia mpaka majirani wakaja mlangoni kuuliza ni nani amekufa.