Macho Aliyopewa Coletha

Coletha alizaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge karibu na Kilosa, katika zile nyumba za safu ambamo ukikohoa jirani anakupa pole. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge kwa mkataba, akafa mkataba haujaisha. Coletha mwenyewe alifanya kazi kinuni, kwenye mashine ya kuchakata mkonge, miaka kumi na minane. Utomvu ukamrukia jicho la kushoto, likafa. La kulia likaingia ukungu taratibu mpaka nalo likazima. Shamba lilipopata tajiri mpya, enzi zile za ruksa, serikali ilipofungulia wafanyabiashara milango, kipofu hakuwemo kwenye orodha ya wanaobaki. Akamfuata binti yake Magreth huko Mikumi, aliyekuwa akiwauzia wali madereva wa malori.

Usidhani alikuwa mzigo. Kuchambua mchele ilikuwa kazi yake, na dereva aliyeng'ata jiwe kwenye wali wa Coletha bado hajazaliwa. Jumapili Magreth alimshika mkono wakavuka barabara kuu kwenda misa. Na katika dini yake Coletha alikuwa na maringo. Katekisimu aliijua yote kwa moyo, maswali na majibu, na mtu akiimba ili asikiwe na watu, yeye alimtambua kwa sauti.

Mwaka wa tisini na tatu likaja hema. Mchungaji Hezekia alishuka na jenereta, vipaza sauti na suti ambayo watu walisema ni nyeupe kama maziwa. Magreth akahamia huko mwezi ule ule, akapewa kuongoza kwaya, na sauti yake ikabadilika hata nyumbani. Akiomba chumvi utadhani anahubiri.

"Mungu si kiziwi, mwanangu," mama yake alimwambia akicheka. "Mwenye ulemavu humu ndani ni mimi."

Magreth hakucheka.

Ukaja mkutano mkubwa, wageni kutoka Morogoro na kamera ya video. Magreth alimbembeleza mama yake aende akaombewe tu. Kuombewa si dhambi, Coletha akaenda. Mchungaji akamfunika macho kwa viganja, akayakemea mapepo mpaka mate yakamrukia bibi wa watu usoni, kisha akamuuliza anaona vidole vingapi. Giza lilikuwa lile lile. Lakini mkono wa Magreth, uliokuwa umemshika, ulimfinya mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

"Mama," Magreth akanong'ona, "usiniaibishe."

"Vitatu," akasema Coletha.

Watu wakaruka, wakalia, wakagaragara. Coletha alidhani uongo ule ungeishia pale hemani. Hakujua kwamba muujiza ukishatangazwa una wenyewe.

Asubuhi aliomba kupelekwa chooni, Magreth akakataa. Anayeona hashikwi mkono. Fimbo yake nayo ilikuwa imetundikwa hemani pamoja na magongo ya wengine, iwe ushahidi. Jirani yao Costancia, ambaye zamani ndiye aliyemchotea maji, sasa alimkuta anapapasa ukuta akampita huku akimwambia asimtie Bwana aibu. Siku ya nne alijimwagia maharage ya moto mguuni. Mchungaji akasema ni shaka yake inayomrudisha shetani, wakamfungisha siku tatu bila chakula na mguu umebabuka.

Wageni wakija, alikalishwa mbele, akafunguliwa Biblia aitazame. Siku moja aliishika juu chini. Costancia akaigeuza upesi kabla kamera haijafika. Hapo Coletha akaelewa kwamba wote walijua.

Mguu haukumuuma kama kitu kimoja: alitaka kuungama. Alikuwa amesema uongo kwa jina la Mungu, na padre alikuwa upande wa pili wa barabara. Kwa wiki tano hakupata wa kumvusha, maana kumvusha kulikuwa kuukana muujiza. Alimwomba dereva mmoja. Magreth akacheka akiwa jikoni, akamwambia dereva kwamba mama anatania, si alishapona. Dereva naye alikuwa anakula wali wa Magreth.

Jumapili ya sita Coletha alijikokota, mkono ukutani, akaketi kando ya lami, hatua chache kutoka mlango wa hema. Malori yalimpita, upepo wake ukamvua kitenge kichwani. Kengele ya kwanza ya misa ikalia. Kisha akasikia kwato, na mtu anapiga mluzi. Alikuwa Ngolo, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake mwaka ule. Huyo habari za muujiza zilikuwa hazijamfikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi sioni. Nivushe."

Ngolo akampa ncha ya fimbo yake. Lakini alikuwa mtu wa adabu, na mama wa watu havushwi kama ndama. Wimbo ulikuwa umekatika hemani, watu wamejaa mlangoni wakiwatazama, na Magreth yuko mbele yao. Ngolo akawauliza kama huyu ni mama yao, ili wasije wakamtafuta.

Coletha alisubiri. Alijua anasubiri nini.

"Mama yangu anaona," alisema Magreth, kwa sauti ya kufika mpaka nyuma ya hema. "Huyo simjui."

Ng'ombe wakaanza kuingia barabarani, lori likapiga honi, likasimama. Ngolo aliona haya, akamuuliza mama taratibu kama yule dada ni wa kwake.

"Nilikuwa na mtoto," alisema Coletha, akiikaza mkononi ncha ya fimbo. "Huyo ni wa kanisa. Twende, baba, kengele ya pili hiyo."

Nyuma yao wimbo ukaanza tena. Magreth ndiye aliyeuongoza, na wanaojua kuimba wanasema siku ile aliimba vizuri kuliko siku zote.