Bana au Pana

Mwenzenu nimejiaibisha, na sijui uso wangu nitauweka wapi hapa Garissa.

Mimi ni fundi wa magari, mzaliwa wa Mwingi. Wateja wangu wengi ni Wasomali, na wengi wao hutamka p kama b. Mtu akiniambia "bole bole", naelewa. Nilishaanza kujiona mkalimani.

Abdi, muuza mbuzi, aliniletea gari lake la zamani lenye injini ndogo iliyoongezewa mbio. Kabureta ilikuwa imekufa. Nilikuwa na mbili, moja ya koo pana, yaani njia ya kupitishia hewa, na nyingine ya koo jembamba, nikampigia simu. "Abdi, koo la kabureta nalo je?"

"Bana tu, fundi."

Nikacheka kimoyomoyo. Anataka pana! Nikaifunga hiyo, ingawa nilijua injini ile haiwezi kuvuta hewa yote hiyo.

Alfajiri akaondoka kwenda Eldas, maana mamake alikuwa mahututi. Gari lilikohoa njia nzima, likazima kabisa kabla ya Wajir. Alipopata lori la kumfikisha, walikuwa wameshamzika mamake.

Jana alikuja gereji. Mimi huyo, nikajitetea: "Lakini ndugu yangu, ulisema pana."

"Nilisema bana. Ulibane koo," alijibu taratibu, bila hasira.

Nikamwambia Mungu amrehemu mama.

"Amin," akasema Abdi. "Allah amweke pahali pema peponi."

Kila p ilitoka safi kuliko yangu.