Uji wa Karanga kwa Panya

Emiliana alizaliwa Ihumwa, kwenye boma la wafugaji wa Kigogo, na jambo la kwanza alilofundishwa na baba yake ni kwamba ndama aliyeshindwa kusimama haachwi. Analishwa kwa mkono mpaka ainuke au afe. Kumpita mnyama dhaifu huku chakula unacho, pale bomani ilikuwa aibu kubwa.

Ukubwani akapata kazi ya kutunza panya kwenye maabara moja mjini Dodoma. Panya wale walizaliwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, ugonjwa uleule uliomkalisha chini mwanawe Meshack tangu darasa la nne. Dawa mpya ilikuwa inajaribiwa. Kila wiki Daktari Hamida aliwaning'iniza kwenye waya, mmoja mmoja, kupima nani anashikilia kwa muda gani kabla ya kuanguka. Baadhi walipewa dawa, wengine maji matupu, na chupa zilifanana ili mtu asipendelee.

Emiliana hakujua nani anapewa nini, lakini macho alikuwa nayo. Aliwaona wanaoburuta miguu, wasiokifikia chakula kilichowekwa juu ya kizimba, na roho ikamuuma. Akawa anawawekea chini uji wa karanga, kidogo kidogo, kama kwao. Wakanenepa, wakapata nguvu. Alifurahi, maskini, akidhani anaisaidia dawa ya mwanawe.

Siku ya matokeo daktari alikuwa mnyonge. "Mama Meshack, hakuna tofauti. Waliokunywa maji wameshikilia waya karibu sawa na waliokunywa dawa. Wafadhili wanaufunga utafiti."

Emiliana aligeuka kuvitazama vizimba. "Daktari, wale wanyonge nilikuwa nawalisha uji."

Hamida akaketi. "Kila siku?"

"Kila siku. Chakula walikuwa hawakifikii."

Sasa hakuna aliyeweza kutenganisha nguvu ya dawa na nguvu ya uji. Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Aliwaomba wafadhili waanze upya na panya wengine, akajibiwa kwamba fedha zimekwenda kwingine. Panya wakauawa wote, na Emiliana ndiye aliyeosha vizimba. Kama dawa ile ilifaa, hakuna aliyejua.

Jioni hiyo Meshack alikuwa anamngoja mkekani. Mikono yake ilikuwa haifiki tena kinywani.

"Mama, panya wetu wanaendeleaje?"

Emiliana alichota uji, akaupuliza, akamsogezea kijiko mdomoni.

"Kula kwanza, baba," alisema, akachota kijiko kingine.