Kurasa Ishirini na Tatu za Kiraka

Mhariri alipozibandika ukutani zile kurasa arobaini, Kiraka, mama mmoja wa pale ofisini, alikuwa amesimama na kikombe cha chai mkononi. Jarida la katuni walilokuwa wakilitengeneza lilikuwa linatimiza miaka thelathini, na kwa furaha hiyo kampuni ilikuwa inatoa kitabu kikubwa chenye jalada gumu: kurasa arobaini bora za Gwiji, mchoraji wao mkuu. Mhariri alizichagua mwenyewe. Wiki nzima alijifungia kwenye chumba cha majarida ya zamani, akila vumbi, na sasa alisimama mbele ya ukuta amejishika kiuno, anatabasamu kama baba wa mapacha.

"Angalieni kazi ya Gwiji," alisema. "Angalieni watu wanavyosimama. Unamwona mtu kabisa ana uzito."

Kiraka alizihesabu. Akarudia kuzihesabu. Ishirini na tatu zilikuwa zake.

Hakuhitaji miwani kuzijua. Gwiji, pamoja na sifa zote anazomwagiwa, hawezi kuchora mguu. Katika maisha yake yote hajawahi kuchora kiatu kikaeleweka. Watu wake husimama kwenye nyasi, kwenye moshi, kwenye maji, nyuma ya mapipa. Hata hadithi ya jangwani aliiotesha nyasi mpaka magotini. Uso anaujua, misuli anaijua, mlipuko anaujua kuliko aliyebuni baruti. Lakini ukimwona kwenye ukurasa mwanamke amevua kiatu kimoja, anajikuna kisigino kwa kidole cha mguu wa pili, huyo kachorwa na Kiraka, na asibishe mtu.

Alifika pale akiwa na miaka thelathini na miwili, kazi yake ikiwa kuandika tu maneno ya wahusika ndani ya viputo. Mwezi wake wa tatu, Gwiji alileta kurasa mbili badala ya nane, akasema kichwa kinamuuma, akaenda zake. Mtambo wa kuchapa haungoji kichwa cha mtu. Mhariri wa wakati huo akamtazama yule mama wa viputo, akamuuliza kama anaweza kushika penseli. Alichora sita, asubuhi hadi jioni, kwa kuiga mkono wa Gwiji, na kona ya chini akaiacha nyeupe kama alivyoelekezwa, ili mwenye jina aje atie saini. Kesho yake Gwiji akaja, akasaini zote nane bila hata kukaa. Siku hiyo ndiyo wakaanza kumwita Kiraka, na jina likamganda. Huu ni mwaka wa ishirini na sita, na kile kichwa kimekuwa kikiuma kila mwezi.

Sasa niwaambie, maana hizi sifa za upande mmoja zinanichefua. Watu wanapenda kumsifu mchora milipuko. Upuuzi mtupu. Mwaga wino, umemaliza mlipuko. Jaribu kuchora watu saba kwenye foleni ya hospitali, kila mmoja amechoka kivyake, na msomaji ajue bila neno hata moja nani katangulia na nani ananyemelea nafasi ya mwenzake. Jaribu kuchora kiti, miguu yote minne iguse sakafu. Halafu fanya hivyo mwezi hadi mwezi, una homa, umefiwa, macho yanawasha, na kazi ifike siku ileile. Watu wa namna hiyo huonekana kama bomba la maji, siku likikauka tu. Kiraka hakukauka hata mara moja, basi nani angemwona?

Akaweka kikombe chini.

"Bosi, ishirini na tatu hapo ni zangu."

Mhariri akacheka. "Dada yangu, sisi hapa kazi yetu ni ya pamoja."

"Vizuri. Basi na majina tuyaandike pamoja."

"Kitabu kinauzwa kwa jina la Gwiji. Ukichomeka jina lingine, msomaji atachanganyikiwa."

"Msomaji yupi? Huyu aliyesoma kurasa zangu miaka yote hii bila kuchanganyikiwa?"

"Usinianze, Kiraka. Kitabu kinakwenda mtamboni Ijumaa."

"Nataka jina langu chini ya kila ukurasa niliouchora. Sitaki shukrani za mwisho wa kitabu, pale mnapowashukuru wapika chai. Chini ya kila ukurasa. Lisipokuwepo, tafuteni kiraka kingine."

Mhariri akanyoosha mikono. "Mwambie Gwiji mwenyewe. Alhamisi anakuja kuzipitia. Akikubali, mimi nani nikatae?" Alisema hivyo kwa raha zake, akijua fika kwamba katika jengo lile hakuna aliyewahi kumwambia Gwiji kitu.

Nyumbani hakupata pole. Alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, kwenye vyumba viwili, kimoja kikiwa kimejaa vitambaa mpaka dirishani.

"Umeanza," dada yake alisema bila kuinua macho. "Ukafukuzwe na hiyo miaka yako hamsini na minane, uje unishikie sindano hapa."

"Wewe hizo nguo unazoshona, zikipendeza anasifiwa nani?"

"Mwenye mwili." Akakata uzi kwa meno. "Na mimi nalala usingizi."

Kiraka akaenda kulala na hasira zake.

Jumatano jioni wembe wake wa kuchongea penseli ulimvunjikia, akaingia kwa kinyozi wa jirani kuomba mwingine. Alikuwa hapendi kuingia mle, kwa sababu ya harufu ya ile spiriti wanayowapaka watu visogoni. Kuta zote zilikuwa zimebandikwa kurasa za jarida, toka sakafuni hadi darini. Alizitazama akiwa anasubiri. Viatu. Visigino. Mtoto amekanyaga dimbwi. Karibu zote zilikuwa zake.

"Kwa nini umeweka hizi?" akauliza.

"Mteja anakaa hapa, hadithi anaikuta katikati, kabla haijaisha zamu yake imefika," kinyozi alisema, akipuliza nywele kwenye mashine. "Nikibandika zile nyingine, za milipuko, watu wananisumbua. Huyu nani? Wako wapi hapa? Hizi hawaulizi, wanaelewa tu. Gwiji ana siku zake, mama. Siku akituliza kichwa anachora kama mtu mwenye akili."

Hakuna aliyewahi kumsifu Kiraka hivyo, na sifa yenyewe alikuwa amepewa mtu mwingine. Akachukua wembe akatoka bila kusema asante.

Alhamisi saa nne Gwiji akaingia, kofia kichwani, miwani ya jua machoni, ndani ya nyumba. Wafanyakazi wote walikuwa wameitwa kuja kumpigia makofi. Mhariri akampangia kurasa mezani.

"Zote zako, Mzee?"

"Za nani tena?"

Kiraka akapita katikati ya watu, akaweka karatasi nyeupe mbele yake, na penseli iliyochongwa ikachongeka.

"Nichoree mtu, Mzee. Amesimama wima kwenye sakafu. Sakafu tupu, haina nyasi."

"Kiraka!" mhariri akafoka.

"Akimmaliza mtu huyo mpaka viatu, nafunga virago leo hii, na mniite mwongo mpaka nife."

Gwiji akatabasamu, akavua miwani, akaanza. Na tumpe haki yake, mkono ulikuwa mkono. Kichwa, mabega, ngumi iliyokunjwa, dakika mbili tu, na watu wakaguna kwa kuridhika. Akashuka kiunoni, magotini, akafika kwenye kifundo cha mguu. Penseli ikasimama. Akaigeuza karatasi. Akaigeuza tena. Halafu, jamani, akaanza kuchora moshi.

"Hakuna moshi!" Kiraka akapiga meza kwa kiganja. "Nimesema sakafu tupu!"

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Gwiji akaweka penseli chini.

Mhariri jasho lilimtoka. Kesho ni mtamboni, na Kiraka akiondoka, kurasa za mwezi ujao atazichora nani? "Haya, haya, yaishe," akasema. "Tutaandika chini ya kila ukurasa. Zote ishirini na tatu." Akavuta karatasi, akafungua kalamu, akainama kuandika. Akabaki ameinama. Kisha akainua uso taratibu. Alikuwa mhariri pale kwa miaka kumi na mmoja.

"Eeh... dada yangu. Jina lako kamili ni nani vile?"

Akawatazama wengine wamwokoe. Wengine wakatazama dari. Kiraka akafumbua mdomo kujibu, lakini Gwiji akamtangulia. Alilitaja lote, la Kiraka mwenyewe, la baba yake, na la babu yake, ambalo hata dada yake hulisahau. Alilitaja bila kusita, kama mtu aliyelizoea mdomoni.

Kiraka akamgeukia. Miaka yote hiyo alikuwa ameamini kwamba yule ni bwana mkubwa asiyejali, anayesaini chochote kinachowekwa mbele yake.

"Kumbe unalijua."

"Tangu zile sita za kwanza," Gwiji alisema. Hakuwa anatabasamu tena. "Nilimuuliza karani. Nilitaka kumjua anayechora vile."

"Na kila ulipotia saini ulikuwa unalijua."

"Nilikuwa nalijua."

"Ungekuwa hulijui," Kiraka alimwambia, "leo ningekusamehe."

Mhariri alipomaliza kuandika, Kiraka akaichukua karatasi, akahakikisha jina limeandikwa sawasawa, akamrudishia.

Kitabu kilitoka na jina lake chini ya kurasa zote ishirini na tatu. Gwiji alimletea nakala mwenyewe, mkononi, akasimama kwenye kizingiti cha nyumba ya dada mtu, fundi cherehani, amevua kofia. Kiraka alipokea kitabu, akafunga mlango.