Alama Mbili kwenye Distributa

Mtu akimsema vibaya mjomba wangu, mimi sina subira, tunakunjana hapo hapo. Mtaani kwetu Kibuli wote wanajua. Ndiyo maana kichwa changu mpaka leo hakijatulia nikikumbuka ile siku mjomba alitukanwa, mimi nikatukanwa, na gari yetu ikatukanwa pia, halafu nikasimama tu kama nguzo ya stima, spana iko mfukoni. Acha nieleze. Labda nikieleza na mimi nitaelewa.

Mjomba ndiye alinilea, baada ya mama kuondoka duniani. Alikuwa dereva wa polisi mpaka mguu ukamsumbua akaacha kazi. Nilikulia kwenye nyumba za polisi, watu wa kila kabila mlango kwa mlango, na Kiswahili hiki ndiyo lugha tuliyogombania chakula nayo. Alipotoka akanunua pikapu. Ndogo, injini ya silinda nne, rangi yake ilikuwa nyeupe zamani, sasa kama chai ya mtu aliyebana maziwa. Pikapu hiyo ndiyo ilikuwa shamba letu. Ikilala, na sisi tunalala njaa.

Kazi yenyewe ilikuwa samaki. Asubuhi tunateremka Ggaba ziwani, tunapakia ngege na mputa kutoka kwenye mitumbwi, tunarudi kupitia Kansanga na Kabalagala, tunapanda Kibuli mpaka jikoni kwa shule moja kule juu. Barabara ya chini haina maneno. Shida ni mlima. Pikapu ikifika katikati na mzigo inaanza kulia, mjomba anarudisha gia namba mbili, anarudisha namba moja, halafu inazima. Hapo mimi naruka chini na jiwe naweka nyuma ya tairi. Jiwe hilo lilitembea na sisi kila safari. Mjomba aliliita tanboi, yaani msaidizi wa dereva, alisema linafanya kazi kuliko mimi.

Siku moja tulifika jua limeshakuwa kali na samaki imeanza kujisema yenyewe. Mama wa jikoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya ziwa, akafunua majani, akanusa, akafunika.

"Mzee," alimwambia mjomba, "watoto wangu hapa wanakula samaki, hawali hadithi ya mlima. Ukichelewa tena natafuta gari ingine."

"Wewe mama!" nikaruka. "Unajua unaongea na nani?"

"Nyamaza," mjomba akasema. "Anaongea na mtu mwenye samaki inayonuka."

Tulipofika nyumbani akapiga boneti na kiganja, polepole, akaniambia: "Wewe si unasema unajua injini? Ipe nguvu."

Mimi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua vitu na kuvifunga, na kama kuna kinachobaki mezani nafungua tena. Nikaanza kuuliza vijana wa gereji. Mmoja akasema kata ekzosi, injini ipumue. Nikakata. Ikapata kelele, nguvu hapana. Mwingine akasema ongeza moto wa plagi. Mwingine akaapa kwa mama yake kwamba silinda nne ni silinda nne, kama unataka nguvu nunua lori. Huyo tulikunjana shati kidogo.

Spea nazo zilikuwa balaa. Wahindi walikuwa wamefukuzwa na maduka yao yalikuwa na wenyewe wapya, na duka moja nililoingia mwenyewe alikuwa ametoa vitu vyote kwenye maboksi akavipanga kwa ukubwa, kama viatu. Nikamwambia nataka kabureta ya pikapu ya namna hii. Akaniuliza:

"Kubwa au ndogo?"

Nikamtazama. Akanitazama. Nikasema kubwa.

Ile kabureta ilikuwa ya gari gani, Mungu anajua. Haikukaa vizuri, nikaipiga tupa mpaka ikakaa. Halafu nikafungua kichwa cha injini. Ndani masizi yalikuwa mazito kama ya chini ya sufuria. Nikakwangua. Vavu nikazisaga na mchanga wake wa mafuta, nazungusha kijiti katikati ya viganja mpaka ngozi ikatoka. Kichwa chenyewe nikakibeba Katwe kwa watu wa mashine, nikawaambia wakikate kidogo chini, ili petroli na hewa vibanwe zaidi kabla ya kuwaka. Nikarudisha vyote, nikageuza distributa mpaka moto wa plagi ukawahi vizuri, nikawasha.

Kosa langu ni kwamba nilifanya vyote kwa pamoja. Ndiyo maana nikiulizwa ni kipi kilileta ile nguvu, sijui. Nasema kweli, sijui.

Kwa sababu ilikuja. Asubuhi tulipanda Kibuli na mzigo kamili, na mkono wa mjomba ulikuwa tayari juu ya gia, unangoja kurudisha namba moja. Haukupata kazi. Pikapu ilipanda na namba mbili kama inaitwa nyumbani. Mimi nilitoa kichwa dirishani nikawa napigia makelele kila mtu, hata kuku. Jiwe letu tulilisahau kule chini. Nyuma yetu kulikuwa gari ya jeshi, inakuja, inakuja, halafu haiji tena, inakuwa ndogo kwenye kioo. Nikacheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa anatazama kile kioo.

Tulikuwa tunashusha samaki pale jikoni wakati ile gari ya jeshi ilifika. Akashuka ofisa mmoja, miwani nyeusi, kiatu kinang'aa. Akazunguka pikapu yetu taratibu. Akaipapasa boneti kama mtu anapapasa ng'ombe sokoni.

"Hii gari iko ya nani?"

"Iko yangu, afande," mjomba akajibu.

"Iko nini ndani?"

"Injini tu, afande. Silinda nne."

"Nne? Yangu iko sita na wewe umeiacha nyuma."

"Afande, nyinyi mlikuwa mnapumzisha gari."

Ofisa akacheka, akatazama matairi. "Gari nzuri. Kesho nakuja kujaribu. Unakaa wapi?"

Mimi, na furaha yangu, nikaeleza mpaka mlango: chini ya mlima, nyuma ya kinyozi, huwezi kupotea afande. Nilitaka kuongeza kwamba fundi ni mimi. Mjomba akanikanyaga mguu, ule mguu wake mzima, kwa uzito wote. Mama wa jikoni alikuwa ameinamia sufuria tupu, anaichungulia kama kuna kitu.

Sasa, mtu ambaye hakuwa Kampala miaka ile atauliza, kusifiwa kuna ubaya gani? Jirani yetu mmoja gari yake ilisifiwa na mwanajeshi mara moja tu. Ukimuuliza iko wapi, anasema daktari amemshauri atembee.

Tulipofika nyumbani, chakula kikaletwa, mjomba hakunawa mikono. "Toa ile kitu uliyoweka," akaniambia.

"Kitu gani?"

"Nguvu. Itoe. Leo."

Nikasimama. "Mjomba, wewe mwenyewe ulisema niipe nguvu! Tazama mikono yangu! Watu wote wameona, gari yetu inapanda kuliko..."

"Ndiyo. Watu wote wameona."

"Sasa unataka niiharibu?"

"Nataka kesho ikifika hapa mlimani ife. Lakini isife kabisa, kwa sababu keshokutwa kuna samaki."

"Sijui nitoe ipi! Kile kichwa kimeshakatwa, chuma hakioti tena! Kabureta ya zamani nimeshaiuza ili ninunue ile mpya! Mimi sijui ni ipi iliyoleta nguvu!"

Hapo mkewe, aliyenipikia tangu nilipokuwa mdogo, akainua uso kutoka kwenye ungo wa mukene, wale dagaa wa ziwani. "Fundi gani," akasema, "anajua kuwasha moto, kuuzima hajui?"

Nikatoka nje nikapiga teke ukuta. Nilikuwa na hasira mpaka machozi, na hasira yenyewe sikujua ya nani. Ya ofisa? Ya mjomba? Ya ile injini? Nikafungua boneti nikaikodolea macho. Kitu kimoja tu ndani humo kinageuzwa bila kukata wala kupiga tupa: distributa, ile inayogawia kila plagi moto wake. Inashikwa na bolti moja. Ukiilegeza ukaizungusha kidogo upande mmoja, moto unawahi, injini inavuta. Ukiizungusha upande wa pili, moto unachelewa, injini inakosa pumzi, inachemka, inakohoa. Nikachukua msumari, nikakwaruza alama pale ilipokuwa. Nikaizungusha nyuma, nikawasha, nikasikiliza. Ikawa inalia kama mzee aliyeamshwa. Nikakwaruza alama ya pili.

Kesho yake mchana ofisa alikuja kweli. Akakaa kwenye usukani, mjomba pembeni yake, mimi nyuma na askari wake na bunduki zao. Watu walitoka kwenye milango wakaanza kujifanya wanafagia.

Tulianza mlima. Pikapu ikaenda hatua kidogo, ikaanza kulia. Ofisa akakanyaga mafuta. Ikalia zaidi. Akarudisha gia kwa nguvu mpaka nikasikia meno ya gia kwenye meno yangu. Halafu petroli iliyochelewa kuwaka ikawakia kwenye ile ekzosi niliyokata.

Paa!

Askari waliruka chini wote. Mmoja akalala kwenye mtaro. Mwingine akaelekeza bunduki kwenye ekzosi. Wafagiaji wakaisha barabarani. Mimi nikajikuta nimepiga magoti kwenye magamba ya samaki, mikono juu, na gari inaanza kurudi nyuma. Na jiwe hatuna! Ofisa akavuta breki. Kimya. Moshi tu.

Akashuka. Akamtazama yule askari aliyelenga ekzosi, kwa muda mrefu. "Unataka kuua gari?" akamwuliza. Wakacheka, tukapata pumzi.

Lakini alipogeuka kwa mjomba hakuwa anacheka. "Jana ilipanda kama mbuzi. Leo iko nini?"

"Afande," mjomba akasema, sauti ya chini kabisa, "jana ilikuwa inaaga. Wewe umeona wagonjwa. Mtu akikaribia kwenda, siku moja anaamka, anaomba uji, mnafurahi. Kesho yake mnaita watu."

Ofisa akatikisa kichwa kukubali. Hilo alilijua. Akafungua boneti, akagusa injini, akaondoa mkono haraka, anapuliza vidole. "Nani alishika hii?"

Na mjomba wangu, mjomba ambaye kwa ajili yake nimepoteza jino, akaninyoshea kidole.

"Huyu. Mtoto wa dada yangu. Hakusoma, hakufundishwa. Ameiharibu kabisa."

Ofisa akanisogelea. "Wewe iko fundi?"

"Ndiyo, afande."

"Hapana. Wewe iko mchinjaji."

Askari wakacheka mpaka yule wa mtaroni. Bolti moja tu, nilikuwa nafikiri. Spana ninayo. Nilegeze, nizungushe mpaka alama ya kwanza, nikuoneshe nani mchinjaji. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunisikiliza, ukafunguka. Mjomba alikuwa ananitazama, na macho yake sijawahi kuyaona hivyo, wala siku ya msiba wa mama.

"Ndiyo, afande," nikasema. "Mchinjaji."

Wakatuambia tusukume hiyo takataka ipishe njia. Wakapanda gari yao wakaenda.

Pikapu ilibaki. Jina nalo likabaki. Mtaa mzima wakawa wananiita mchinjaji, na wale waliokuwa wameanza kuniletea pikipiki wakazipeleka kwingine. Wakimwuliza mjomba, anakubali: "Kabisa. Anachinja mpaka bisibisi." Nitapigana na nani? Anayemtukana mpwa wa mjomba ni mjomba.

Jioni ya siku ile ile ya ofisa nikamvaa mjomba mbele ya mkewe. "Uliniuza, mjomba."

Mkewe ndiye alijibu, anachambua mukene, hata hakunitazama. "Gari nzuri wanachukua. Na fundi mzuri je, unafikiri wanamwacha alinde ukuta?"

Nilielewa, halafu tena sikuelewa. Basi kama kazi yangu ni nzuri nisijulikane, na kama nimejulikana niwe mbaya? Nilimwuliza hivyo. Akasema kula, itapoa.

Asubuhi yake tulitoka Ggaba na mzigo, injini inakohoa njia nzima. Chini ya mlima wa Kibuli mjomba akasimamisha gari. Akatazama juu, akatazama kioo, akasikiliza. Barabara ilikuwa tupu, ni adhana tu ilikuwa imemalizika. Akanyosha mkono, mimi nikatoa spana. Nikafungua boneti, nikarudisha distributa kwenye alama ya kwanza. Tukapanda. Namba mbili, mpaka juu, na mjomba anaushika usukani kama mtu amebeba mayai.

Kabla ya geti la shule akasimama tena. "Rudisha."

Bolti ilikuwa ya moto, ikanichoma vidole viwili. Tukaingia tunakohoa, ekzosi inapiga, mama wa jikoni ametoka na mikono kiunoni.

"Gari yenyewe mgonjwa hivi," akasema, "na leo mmefika kabla sijawasha moto. Mnafikaje?"

"Tunasukuma, mama," mjomba akamwambia. "Huyu mchinjaji wangu, unamuona hivi, ana nguvu."

Nikanyonya vidole, nikaanza kushusha samaki.