Ng'ombe Mwenye Namba

Bwana mifugo wa Nyabiyonza hamchomi ng'ombe sindano kabla hajaulizia jina lake. Hunawa mpaka viwikoni, kisha humbembeleza mnyama kwa jina hilo mpaka atulie. Leo kwa Mama Kokuhirwa ameshaambiwa ng'ombe ni Gaju, ameshanawa, ndipo akatoa simu amwonyeshe mama huyo picha: ng'ombe wa utafiti huko ng'ambo, aliyetiwa vinasaba vya binadamu ili damu yake itengenezwe dawa.

Kokuhirwa akaiachia kamba ya Gaju. "Maawe! Vya mtu, ndani ya ng'ombe?"

"Ndiyo, mama. Dawa ya kutibu watu."

"Na anaitwa nani?"

Bwana mifugo akaikodolea macho ile picha. "Wamempa namba," alisema polepole, akarudi kwenye ndoo kunawa tena, ilhali hata hajamgusa Gaju.